Neno Nililolimeza Kathonzweni

Habari ya kifo cha Madam Njoki ilinikuta nikila, na niliendelea kula. Sitaki kujisingizia huzuni ambayo sikuwa nayo. Simu ililia juu ya meza hapa nyumbani kwangu Tulia, Kitui, nikasoma ujumbe kwenye lile kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wake wa zamani, "Mama yetu amelala," nikaigeuza simu kifudifudi, nikamalizia ugali na sukuma yangu mpaka sahani ikang'aa. Halafu rambirambi zikaanza kumiminika. Mama wa ushauri nasaha. Mama aliyetufungua macho. Mmoja akaandika kwamba bila yeye hakuna mtu Ukambani angejua kuwa akili ina chumba cha nyuma. Hapo ndipo kiliponishika kinyaa, na si huzuni, kile kinyaa hasa cha kukuta unywele kwenye mchuzi ambao tayari umeshaunywa nusu. Nina miaka hamsini na saba. Nimefundisha saikolojia vyuoni zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi hata siku moja kusimulia darasani mambo ya mwaka ule niliokaa Kathonzweni nikiwa na miaka ishirini na minne. Kila nikifika kwenye somo lenyewe, somo la akili isiyojitambua, huwa nachukua mfano wa kitabuni, na wanafunzi wanaandika.

Kituo tulichosomea kilikuwa vyumba viwili vya mabati nyuma ya kanisa. Chumba cha mbele tulikaa sisi wanafunzi sita kwenye viti vya plastiki. Cha nyuma kilikuwa cha kuongelea na wateja, na hicho nakijua mpaka leo kuliko ninavyokijua chumba changu cha kulala. Kilikuwa na makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, boksi la tishu, ua la plastiki, na saa iliyotundikwa nyuma ya kichwa cha mteja ili mshauri aone muda bila mteja kujua anapimwa. Dirisha halikufunguliwa kamwe, kwa sababu ya siri. Darini waliishi popo. Sasa wewe fikiria jua la Makueni saa saba mchana, mabati, dirisha limefungwa, na mkojo wa popo ukinuka pamoja na mafuta ya taa tuliyokuwa tukipangusia sakafu. Watu waliingia mle wakatokwa na machozi, na sisi tukaandika kwenye faili kwamba mteja ameguswa.

Mchana tulikula pamoja kwenye chumba cha mbele, karibu kila siku muthokoi, yale mahindi yetu yaliyotwangwa mpaka ganda likatoka, yamechemshwa na maharagwe. Madam Njoki alikula nasi, akitenga maharagwe kando ya sahani moja moja kwa uma, huku akifundisha na chakula kiko mdomoni. Asili yake ilikuwa Murang'a lakini alilelewa Nairobi, katika nyumba ambayo watu walikuwa wameokoka tangu enzi za nyanya yake, na kazi hii alikuwa ameisomea ng'ambo. Alikuwa na sauti tamu, sitamnyima hiyo. Siku moja upande wa pili wa ukuta kina mama wa maombi walikuwa wakimwombea mtu, tukawa tunasikia wakiamuru pepo atoke, atoke, atoke sasa hivi. "Wasikie," Madam akasema, akiinua uma. "Wale wanatafuta pepo. Sisi tunatafuta kumbukumbu." Tukacheka sana. Leo nikikumbuka kicheko kile naona haya, kwa maana kina mama wale wakishamtoa mtu pepo wake, angalau walikuwa wakimwachia aende nyumbani kwa watu wake.

Somo lake alituchorea ubaoni: nyumba, chumba cha mbele, chumba cha nyuma, na mlango wenye kufuli. Mtu hasahau, alisema, mtu anafungia tu, na ufunguo anaushika mwili. Mkono ukifa ganzi, kuna kitu. Mtu akitapika bila ugonjwa, kuna kitu. Na kulikuwa na kanuni moja tuliyoiandika kwa wino mwekundu: jambo la kwanza mteja analosema ni kifuniko, fukua chini yake. Niliipokea kama Injili. Nilikuwa nimechoka kuwa msichana anayeelewa mambo vile kila mtu wa soko anavyoyaelewa. Kujua kitu kilicho ndani ya mtu ambacho mwenyewe hakijui, jamani, hakuna pombe inayolewesha hivyo, na mimi nilikunywa mwaka mzima.

Mwezi wa tatu akaletwa Mwikali. Alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni upande wa Kitui, na kwao ni Matiliku. Kwa wiki tano hakuna kitu cha majimaji kilichokuwa kimepita kooni mwake bila vita. Uji, maziwa, supu, hata chai: akisogezewa kikombe mdomo unajaa mate, halafu anatapika. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati la shule ilimzunguka shingo bila kumgusa. Hospitali walimpima wakasema hana kitu. Kanisani walimwombea siku tatu. Sasa mama yake alikuwa amemleta kwetu, na alipomkalisha kwenye kochi alimtengeneza sweta kwanza, kama anampeleka kupigwa picha. Madam akamwuliza kwa upole, "Mwikali, hii kitu ilianza lini?"

"Ni ile panya," Mwikali akasema. Akaeleza vizuri kabisa, bila kulia. Asubuhi moja shuleni walikunywa uji, na walipokuwa karibu kumaliza, mpishi akainua na mwiko kutoka chini ya sufuria panya aliyeiva, manyoya yamechomoka. Kikombe cha Mwikali ndicho kilikuwa kimechotwa mwisho. "Nilikuwa nimesikia kitu laini," alisema, "nikameza." Basi, habari ilikuwa hiyo, yote. Mtu yeyote mwenye tumbo angeielewa. Mimi mwenyewe niliielewa. Lakini Madam aliandika neno moja kwenye daftari lake, akalipigia mstari, akanisogezea nilisome: kifuniko.

Akaamua kwamba kuanzia hapo mtoto aongee Kikamba, kwa sababu akili ya chini, alisema, haijui Kiswahili cha shule. Mimi nikachaguliwa kuwa mkalimani. Nilijivuna kwa hiyo kazi, nikanunua daftari jipya, nikaanza kukaa vile Madam alivyokaa, miguu imekunjwa upande mmoja na kichwa kimeinama kidogo. Mara ya tatu Mwikali alipokuja alilazwa kwenye kochi, akaambiwa afumbe macho, apumue, arudi nyuma mpaka kabla ya shule kufunguliwa. Anaona nini. Akasema anamwona umau, babu yake, mzazi wa baba yake. Anafanya nini? Amenifungua vifungo vya juu, akasema. Kifua changu kimelowa. Nikatafsiri: babu alimfungua vifungo, kifua chake kikalowa. Nikasikia Madam akivuta pumzi. Na Mwikali akaongeza neno moja, bado amefumba macho, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba alikuwa akimbariki. Neno hilo sikulitafsiri.

Mkamba yeyote anayesoma hapa ameshaelewa. Mtoto akienda safari ya maana, mzee wake humbariki kwa mate. Anakunywa maji kidogo au anajilamba tu midomo, anamtemea kifuani au viganjani, anamwambia nenda na urudi. Mwikali alikuwa akienda bweni kwa mara ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetemewa siku ile nilipotoka nyumbani kuja Kathonzweni, na nilipofika tu niliomba beseni nikajisugua kifua kwa sabuni, kwa sababu kanisani kwetu tulikuwa tumeambiwa mambo hayo ni ya giza, na pia kwa sababu niliona ni uchafu. Sasa ningemweleza vipi Madam Njoki, mwanamke wa vitambaa vyeupe, kwamba watu wangu hutemeana mate na kuita baraka? Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba kwao Murang'a wazee pia walikuwa wakibariki hivyohivyo. Labda hakuwahi kuona. Labda aliona, naye akajisugua.

Mikutano iliyofuata naweza kuieleza kwa ufupi, maana ikirefushwa inazidi kunuka. Madam aliuliza, mimi nikayageuza maswali yake kuwa Kikamba safi. Je, mkono wake ulishuka? Je, ulikuwa umelala? Je, kulikuwa na blanketi? Kila swali lilikuwa limekwisha kubeba jibu lake mgongoni. Mwikali mwanzo alisema hapana, halafu akasema hajui, halafu akasema labda. Alikuwa akifumbua macho na kututazama usoni mmoja mmoja, akitafuta tunataka nini, kama mtoto yeyote aliyelelewa na adabu anavyowatazama wakubwa. Mkutano wa sita alisimulia mwenyewe bila kuulizwa, akataja rangi ya blanketi, akataja harufu ya ugoro. Akalia mpaka akatetemeka. Madam akamkumbatia, na aliponitazama juu ya bega la yule mtoto nikaona macho yake yanang'aa kwa furaha, na mimi pia nilikuwa nafurahi. Hiyo furaha ndiyo sijaweza kuisamehe.

Na ubaya wenyewe ni kwamba Mwikali alipona. Katika wiki zilezile mama yake alikuwa ameanza kumpa chai kwenye glasi badala ya kikombe, ili aone mpaka chini kwamba hakuna kitu. Kwanza alionja, halafu nusu, halafu glasi nzima. Mama yake alituambia habari ya glasi huku akicheka kwa aibu, kana kwamba ni ujanja mdogo wa jikoni usiostahili kutajwa mbele ya wasomi. Sisi hatukuiandika. Tuliandika kwamba mlango wa chumba cha nyuma umefunguliwa na mwili umeachilia ufunguo. Faili ile Madam aliitumia kufundishia miaka mingi, jina limebadilishwa, na naambiwa watu walikuwa wakipiga makofi.

Watu wa Mwikali hawakwenda polisi. Walifanya vile watu wa heshima wanavyofanya, wakalimaliza jambo kimyakimya, mama, wajomba wawili na mzee wa kanisa, wakamwita yule babu kituoni. Mzee Mutiso alikuja amevaa koti la sherehe katika lile joto, akakataa kochi, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kofia juu ya magoti. Alisikiliza mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuzia maneno ya Madam, sentensi kwa sentensi, na sauti yangu haikutetemeka. Alipoelewa anachoambiwa hakumtazama Madam wala wajomba. Alinitazama mimi. Akaniambia kwa Kikamba, polepole, akiniita binti, "Mwiitu, wewe ni mtoto wa kwetu. Waambie hawa watu mzee humfanyia nini mtoto anayeenda safari."

"Mzee," nikamjibu, "kazi yangu mimi ni kutafsiri tu."

Akangoja. Madam akaniuliza amesema nini. Nikasema amekana, na mama na wajomba, waliomsikia kwa Kikamba chao, hawakunisahihisha, maana habari ya blanketi walikuwa wameshaiamini. Mzee Mutiso alijua Kiswahili cha kutosha kuelewa hilo, akavaa kofia yake mlemle ndani, jambo ambalo mtu wa rika lake halifanyi, akatoka. Baada ya hapo watoto wa boma lake walikatazwa kumpelekea maji na chakula. Alijichotea, akajipikia. Watu walipomkuta njiani waliwashika watoto mkono. Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka alikutwa amekufa ndani ya nyumba yake, na aliyekwenda kuchungulia alikwenda kwa sababu ya nzi. Hayo niliyapata kwa kusikia, mezani, mtu akiomba apitishiwe chumvi. Madam Njoki alitikisa kichwa akasema hatia ni mzigo mzito. Nikaitikia, "Kweli kabisa." Nikaendelea kula. Mwisho wa mwaka nilipewa cheti changu, nikapigwa picha nacho.

Siku hizi hatufundishi tena habari ya chumba cha nyuma, angalau mimi sifundishi. Nawaambia wanafunzi kwamba kazi nyingi ya akili inafanyika bila sisi kuitwa: unafunga mlango, unafika barabarani, hukumbuki kama ulifunga, na kumbe ulifunga. Nawaambia mwili unaweza kujifunza kinyaa kwa mara moja tu, na hauhitaji siri yoyote chini yake, panya anatosha. Nawaambia kumbukumbu haikai mahali ikingoja kuchukuliwa. Inapikwa upya kila inapotajwa, na anayeuliza anaweza kutia chumvi yake bila kujua. Hata washauri wanaolaza watu makochini, wale makini, wanakubali leo kwamba mtu wa kwanza wa kuchunguzwa mle chumbani ni yule anayesikiliza. Yote haya nayaamini. Lakini kuna jambo silisemi mbele ya ubao. Siku ile Mwikali alipotaja baraka, sikuamua kuficha. Ningeweza kuapa kwa Biblia. Neno lilifika masikioni, nikalielewa, na mdomo ukapita juu yake kana kwamba halikusemwa, na usiku nikalala usingizi mzuri. Tulimlaza mtoto kwenye kochi tukaitafuta akili isiyojitambua ndani yake, kumbe ilikuwa imeketi upande huu, na daftari jipya, ikifanya kazi yake safi sana. Nikisema hivyo kwa lugha ya taaluma inasikika kama udhuru. Nikilisema kwa lugha ya nyumbani inakuwa: nilimwonea aibu mzee wa watu, nikamwua.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye ibada ya kumbukumbu ya Madam pale Kathonzweni, sijui kutafuta nini. Kulikuwa na hema, picha kubwa yenye maua, na watu wazima wakilia kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, kwenye kipaza sauti. Nilipochoka nikatoka na sahani yangu ya pilau nikakaa kwenye ukingo wa saruji karibu na tangi la maji. Mwanamke akaja akakaa kando yangu. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka pembeni mwa kichwa, ana mwili sasa, mwanamke wa makamo ambaye ungenunua kitambaa kwake sokoni bila kumtazama mara mbili.

"Mwalimu Ndinda," akasema. "Unanijua?"

"Nakujua, Mwikali."

"Nilikuja kukuona wewe. Huyo wa kwa picha sina haja na yeye." Akaweka sahani chini. "Nataka kukuuliza kitu moja, na unijibu. Siku ile nilisema alikuwa ananibariki. Ama sikusema? Mimi sijui tena. Miaka hii yote sijui kama nilisema, ama ni mimi nimejiongezea baadaye ndio nisijisikie vibaya."

Kati ya watu waliokuwa mle chumbani aliyekuwa na jibu hilo nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Kama ningekufa kabla ya siku hiyo, Mwikali asingelipata kamwe. "Ulisema," nikamwambia. "Nilikusikia vizuri. Ni mimi sikutafsiri."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Na nilitaka Madam anipende."

 Nilingoja anitukane, na kwa kweli nilitamani anitukane. "Basi hakunifanya kitu," akasema mwishowe.

"Hakukufanya kitu. Alikubariki."

"Hiyo najua. Hata mama alikuja akajua, lakini kwa kuchelewa." Sauti yake haikupanda. "Kila Desemba naenda kupalilia kaburi yake, kwa sababu hakuna mwingine anaenda. Na kila nikiinama hapo, naogopa. Mwalimu, naogopa mpaka jembe inaanguka. Naona ile blanketi. Naona mkono yake. Vitu najua haikukuwa, naziona vizuri kuliko naona sura ya baba yangu. Sasa wewe ndio unafundisha watu haya mambo ya akili. Niambie hiyo mkono inatolewanga namna gani."

Maneno ya kazi yangu yote yalikuja mdomoni, yale laini, ya kumtuliza mtu na kumpa miadi ya wiki ijayo. Nikayaona yalivyo, nikachukia ladha yake. "Haitoki," nikamwambia. "Inaweza kufifia ukizeeka. Kutoka, haitoki."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakulia. Akachukua sahani yake akala vijiko viwili vitatu, akatafuna taratibu, akameza. "Sawa," akasema. "Basi kupalilia utapalilia wewe. Wewe humwogopi."

Desemba nilikwenda Matiliku. Mwikali akanionyesha njia mpaka kwenye lango la shamba, akanipa jembe, hakuingia. Kaburi halina saruji, ni mawe tu yaliyopangwa, na majani yalikuwa yamefika magotini. Nilifanya kazi mpaka jasho likaniingia machoni. Nilipomaliza, ardhi ikiwa wazi na mawe yamepangwa upya, nikanyoosha mgongo nikamwita aje aone. Akatikisa kichwa, akabaki palepale langoni, mikono ameikunja kifuani.